Ukivunjika Mguu, Utarudi Lini Kwenye Baiskeli?

Kabla ya saa moja asubuhi, Barabara ya Lunga Lunga huwa imejaa watu wanaokwenda kazini. Wengi hutembea kutoka Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani. Katikati yao hupita baiskeli: Black Mamba kuukuu zenye keria pana, baiskeli za gia za mitumba, na moja moja iliyobeba mikate au kreti za soda. Kwa anayelipwa kwa siku, baiskeli ni nauli ya kwenda na kurudi inayobaki mfukoni. Kwa hiyo mwenye baiskeli akivunjika mguu, hupoteza vitu viwili kwa mpigo: kazi, na njia ya kufika kazini. Si ajabu kwamba swali la kwanza analouliza akiwa bado kitandani ni lini ataendesha tena.

Jibu la kweli ni kwamba hakuna tarehe moja. Ziko tatu. Ya kwanza ni siku mfupa unapokuwa umeshikana. Ya pili ni siku goti linapokunjika vya kutosha na misuli kupata nguvu ya kuzungusha pedali. Ya tatu ni siku unapoweza kusimama ghafla mbele ya trela linalokata kona, ukaweka mguu chini, na mguu huo ukakushika. Watu huumia mara ya pili kwa sababu ya kuchanganya tarehe hizi. Wala hazifuatani jinsi mtu anavyodhani. Daktari anaweza kukuruhusu kuzungusha pedali wiki nyingi kabla mfupa haujakomaa, kwa sababu ukiwa umeketi, uzito wa mwili hubebwa na kiti. Mgonjwa akisikia hivyo, anatoka hospitalini akidhani ameruhusiwa kurudi Lunga Lunga.

Mfupa wenyewe

Pitisha kidole mbele ya mguu, chini ya goti. Utaugusa mfupa moja kwa moja chini ya ngozi. Huo ni mfupa wa muundi, na ndio unaovunjika mara nyingi bampa ya gari inapomgonga mtu. Kwa kuwa mbele yake hakuna nyama, ukivunjika hutoboa ngozi kwa urahisi na uchafu wa barabarani kuingia. Pia damu inayoufikia ni kidogo, kwa hiyo huchelewa kupona. Muundi uliovunjika bila kidonda huchukua kama miezi minne hadi sita kushikana kwa mtu mzima. Ukiwa na kidonda, unaweza kupita hapo kwa miezi kadhaa. Mfupa wa paja una nyama nyingi zinazouzunguka na hupona vizuri zaidi, lakini kuuvunja kunahitaji nguvu kubwa, na damu inayomwagika ndani ya paja inaweza kuhatarisha maisha. Nao huhitaji kati ya miezi mitatu na sita.

Siku hizi paja lililovunjika hutiwa chuma kirefu ndani ya mfupa, kikafungwa kwa skrubu juu na chini. Katika hospitali kadhaa nchini hutumika chuma kilichobuniwa na shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, ambacho daktari anaweza kukiweka bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Anayetiwa chuma huinuka kitandani baada ya siku chache. Asiyetiwa huvutwa mguu kwa uzito akiwa amelala, na hapo huhesabiwa wiki sita hadi kumi na mbili.

Chuma humpa mgonjwa ujasiri, na mara nyingine ujasiri kupita kiasi. Wanaofanya kazi kwenye karakana za Barabara ya Enterprise hawahitaji kuelezwa sana: waya ukiukunja huku na huku mara nyingi, hukatika. Chuma kilichomo mguuni ni vivyo hivyo. Kimewekwa kushikilia mfupa mpaka ushikane, hakikuwekwa kubeba mwili milele. Mfupa ukikataa kushikana huku mwenyewe anatembea na kubeba mizigo, mwishowe chuma hupinda au kukatika, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza. Ndiyo sababu daktari hukuita tena kupiga picha hata kama husikii maumivu. Usiache kwenda kwa sababu unajisikia vizuri.

Ukitaka kujua muda huu ni wa kweli kiasi gani, mtazame mtu aliyekuwa na kila msaada. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mbio za baiskeli kwa David Kinjah, kijijini Mai-a-Ihii, Kikuyu. Alishinda Tour de France mara nne. Tarehe 12 Juni 2019, akikagua njia ya mashindano huko Ufaransa, aliachia usukani kwa mkono mmoja ili kupenga kamasi. Upepo ukampiga, akagonga ukuta akiwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Alivunjika paja la kulia, kiwiko na mbavu. Alikuwa na madaktari bingwa, mashine za mazoezi, na kazi yake ilikuwa kupona tu. Hata hivyo alirudi mashindanoni Februari 2020, baada ya miezi minane, na zaidi ya mwaka mmoja baada ya ajali bado mguu wa kulia ulikuwa na nguvu pungufu kuliko wa kushoto. Ushindi aliokuwa nao hakuupata tena. Kwa hiyo mfanyakazi wa Mukuru anayeambiwa na jirani kwamba miezi mitatu inamtosha, na ahesabu upya.

Wiki za kwanza

Ukiwa na plasta, angalia vidole vya mguu kila siku. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata baada ya kumeza dawa na kuinua mguu, rudi hospitalini saa hiyo hiyo, hata usiku. Uvimbe unaobanwa ndani ya mguu unaweza kuua misuli kwa saa chache. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi ghafla, huenda damu imeganda. Hiyo ni dharura pia. Homa, usaha au harufu kwenye kidonda havingojei tarehe ya kliniki. Kubadilishiwa bandeji kunaweza kufanyika karibu na nyumbani, kwa mfano katika Kituo cha Afya cha Lunga Lunga au cha Makadara, nao watakuelekeza hospitali kubwa ikibidi.

Lipo jambo lingine ambalo lazima lisemwe waziwazi. Kukandwa kwa nguvu na kunyooshwa na fundi wa mifupa wa mtaani mfupa ukiwa haujashikana hufungua tena ulichoanza kujifunga. Mbao zilizofungwa kwa kukaza sana zimewafanya watu kukatwa miguu ambayo ingepona. Tunajua kwa nini watu huenda huko: foleni ni ndefu na gharama ni kubwa. Basi kabla ya kwenda, angalau hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024. Unajisajili kwa simu kwa kubonyeza *147#. Kujisajili peke yake hakutoshi kwa matibabu ya kulazwa. Asiye na mwajiri hupimwa mapato ya nyumba yake, kisha hulipa mchango wa mwaka. Ni vyema kufanya hivyo ukiwa na miguu yako miwili mizima.

Chakula cha mfupa si cha bei. Omena anayeliwa mzima na mifupa yake, maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na sukuma wiki vinatosha. Supu ya mifupa haina ubaya, ila sifa inazopewa zimezidi kazi yake. Sigara ni adui wa kweli: hupunguza damu inayofika kwenye mfupa na kuchelewesha kushikana. Kama uliwahi kutafuta sababu ya kuacha, hii ni moja.

Wakati huo huo misuli inakwisha. Ndani ya wiki mbili tu utaona paja limepungua. Kwa hiyo anza kukaza misuli ya paja hata mguu ukiwa ndani ya plasta: sukuma goti chini kuelekea godoro, hesabu hadi tano, achilia, mara kumi, mara kadhaa kwa siku. Hakuna mfupa unaosogea katika zoezi hilo. Vidole na kifundo cha mguu, kama viko nje ya plasta, vichezeshwe kila saa.

Ukianza kukanyaga, utaambiwa uweke uzito kiasi fulani, labda kilo 20. Wagonjwa wengi hukubali kwa kichwa wala hawajui kilo 20 zinahisi vipi mguuni. Omba mizani ya kupimia watu wazima kwenye kituo cha afya, weka mguu ulioumia juu yake huku ukijishikilia kwa magongo, ongeza polepole hadi mshale ufike hapo, halafu ukumbuke hisia hiyo. Ukifika hatua ya gongo moja, lishike upande wa mguu mzima, si upande ulioumia. Karibu kila mtu hulishika kinyume, na ndipo kuchechemea kunapokuwa tabia.

Karatasi zisichelewe

Haya si matibabu, lakini yana muda wake, na watu hukosa haki zao wakiwa wamelala. Kama uligongwa na gari, ripoti kituo cha polisi ufunguliwe rekodi, upate abstrakti, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Kila gari linatakiwa kisheria kuwa na bima ya kumlinda anayegongwa. Kesi ya kudai fidia ya majeraha ina muda wa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Hifadhi kila risiti, pamoja na ya magongo na ya teksi ya kwenda kliniki.

Kama uliumia ukiwa kazini, Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inakuhusu. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu apate habari, na dai liwasilishwe ndani ya miezi kumi na miwili. Ofisi za idara hiyo zipo papa hapa Industrial Area, Safety House, Barabara ya Commercial. Lakini uielewe tofauti hii, maana imewavunja moyo wengi. Tarishi aliyegongwa akipeleka bidhaa za kampuni kwa baiskeli alikuwa kazini. Aliyegongwa akitoka nyumbani kwenda kazini kwa baiskeli yake mwenyewe kwa kawaida hahesabiwi kuwa kazini. Safari ya kwenda na kurudi huhesabiwa pale mwajiri anapotoa gari lake kwa ajili hiyo. Huyo wa pili atafuata bima ya gari lililomgonga, wala asipoteze miezi akifuata mlango usiokuwa wake.

Black Mamba kama mashine ya mazoezi

Sasa turudi kwenye pedali. Ili kuzungusha pedali mzunguko kamili, goti linatakiwa kukunjika kama digrii 105 hadi 110, yaani kupita kidogo mkunjo wa mtu aliyeketi kwenye kiti. Jipime hivi: keti kwenye kiti cha kawaida, vuta kisigino nyuma chini ya kiti huku makalio yakiwa hayainuki. Kisigino kikiingia nyuma ya usawa wa goti kiasi cha shibiri moja, uko karibu. Kisipofika, usilazimishe kwa pedali. Endelea kuvuta kisigino polepole, mara nyingi kwa siku, na umwone mtaalamu wa tiba ya viungo. Hospitali za kaunti za Mama Lucy Kibaki na Mbagathi zina idara hiyo. Goti lililokaa miezi bila kukunjwa huganda, na kuligandua huchukua muda kuliko kuzuia lisigande.

Hospitalini utaona baiskeli iliyosimama mahali pamoja. Nyumbani hakuna, wala huhitaji kulipia jimu. Black Mamba ina stendi ya miguu miwili nyuma inayoinua gurudumu la nyuma kutoka ardhini. Hiyo ni mashine ya mazoezi tayari. Iegemeze ubavuni mwa ukuta imara, kwenye sakafu kavu isiyoteleza, hakikisha stendi haijalegea, weka jiwe au kipande cha mbao mbele ya gurudumu la mbele, na mtu mzima awe amekushikilia siku za kwanza. Stendi ikiwa imepinda au ina kutu, usiiamini; ukianguka na mfupa mchanga utaanza mwanzo. Stendi za baiskeli za gia, zile za mguu mmoja wa pembeni, hazifai kazi hii.

Ukishapanda, pandisha kiti kidogo kuliko kawaida. Kiti kikiwa juu, goti hukunjika kidogo. Usizungushe kamili mara ya kwanza. Peleka pedali mbele hadi pale goti linapokaza, rudisha nyuma, tena mbele, kama anayetikisa susu ya mtoto. Baada ya siku kadhaa, mguu mzima utausaidia ule mwingine kupita juu. Mara nyingi mzunguko wa kwanza kamili hupatikana kwa kuzungusha nyuma kabla ya mbele. Anza na dakika tano. Ukiamka kesho na goti limevimba au lina joto, ulizidisha. Pumzika siku moja, punguza. Lisipovimba, ongeza dakika mbili tatu. Ukifika dakika 20 bila shida, gusa breki ya nyuma kwa mbali ili gurudumu lipate ukinzani. Hapo ndipo misuli huanza kurudi. Yote haya, kwa ruhusa ya aliyekutibu: wapo wenye aina ya mvunjiko, hasa unaoingia ndani ya goti lenyewe, wanaotakiwa kusubiri zaidi.

Ukigundua mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, pima hospitalini kabla ya kumwendea fundi viatu. Tofauti ndogo mwili huzoea. Ikifika sentimita mbili au zaidi, kiuno na mgongo huanza kuuma, na soli inaweza kuongezwa kwa kipimo alichoandika mtaalamu. Kwenye pedali, kipande cha mbao kilichofungwa vizuri juu ya pedali ya upande mfupi hufanya kazi ile ile.

Mguu upi utauweka chini?

Hapa ndipo watu wengi hawajafikiria. Nchini kwetu tunaendesha upande wa kushoto. Ukisimama kwenye makutano, mguu unaoweka chini ni wa kushoto, juu ya ukingo wa barabara, mwili ukiegemea mbali na magari. Kama ulivunjika mguu wa kulia, bahati imekuangukia upande mwema. Kama ni wa kushoto, una shida: ama uuweke chini mguu usiouamini, ama uweke wa kulia na kuegemea upande wa malori. Mpaka mguu wa kushoto upate nguvu, usisimame kwenye makutano ukiwa juu ya baiskeli. Shuka mapema, isukume kwa miguu hadi ng'ambo, upande tena. Utachelewa dakika tatu.

Kiti nacho kina mvutano wake. Kikiwa juu, goti hufurahi lakini mguu haufiki chini. Kikiwa chini, mguu unafika lakini goti linakunjwa kupita kiasi na kuuma. Kwa wiki za kwanza barabarani, bora kishushwe kidogo, miguu yote miwili iguse chini kwa vidole, na uvumilie kwenda polepole. Baada ya kuzoea, kirudishe pale ambapo kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti hunyooka.

Kupanda ni mtihani mwingine. Chuma cha juu cha fremu ya Black Mamba kinakudai urushe mguu nyuma juu ya keria huku umesimama kwa mguu mmoja. Kama mguu huo mmoja ndio ulioumia, laza baiskeli ubavu, pitisha mguu juu ya fremu, kisha uinue baiskeli. Baiskeli ya fremu iliyoinama, ile watu wanaiita ya kina mama, ndiyo bora zaidi kwa anayepona, na anayeona haya kuipanda afikirie tena miezi aliyolala.

Kabla ya kwenda barabarani, jiulize maswali machache. Je, unatembea kilomita moja bila gongo na bila kuchechemea? Unasimama kwa mguu ulioumia peke yake kwa sekunde 30 bila kushika kitu? Unapanda na kushuka ngazi hatua kwa hatua, mguu huu kisha ule, bila kuvuta mkono wa ngazi? Unaweza kuruka kutoka kwenye ukingo wa barabara ukatua bila hofu? Kama jibu ni hapana hata kwa moja, rudi kwenye stendi. Kama yote ni ndiyo, na picha ya mwisho inaonyesha mfupa umeshikana, tafuta mahali patulivu. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 ukiwa na nafasi wazi katikati ya nyumba, unafaa sana Jumapili asubuhi. Endesha polepole, funga breki ghafla, weka chini mguu ulioumia. Rudia mara kumi. Ukisita hata mara moja, hiyo ndiyo habari uliyokuwa ukiitafuta.

Kusita kwenyewe si aibu. Mtu aliyegongwa husikia honi ya lori na mikono ikakaza usukani kabla hajafikiri. Wengine huota ajali usiku kwa miezi. Mwambie daktari au mhudumu wa afya ya jamii kama unavyomwambia kuhusu goti. Hofu ina matibabu, nayo ni sehemu ya kupona. Kwa wengi husaidia kupita mahali pa ajali kwanza kwa miguu, mchana, pamoja na mtu.

Barabara zetu

Safari ya kwanza ya kwenda kazini iwe siku isiyo ya kazi. Jumapili Industrial Area hutulia, na unaweza kuipima njia nzima bila trela kukupumulia mgongoni. Pima muda pia, maana utakuwa unachukua karibu mara mbili ya zamani, na anayechelewa zamu ndiye anayejipenyeza kati ya magari.

Jihadhari na reli za zamani zinazokata barabara kuelekea viwandani. Nyingine hukatiza kwa mshazari, na gurudumu jembamba huingia kwenye mfereji wa reli likakuangusha kabla hujajua. Zikate kwa pembe ya mraba, au shuka. Zikiwa na mvua juu yake, shuka tu. Mafuta yaliyomwagika karibu na lango la karakana huteleza vivyo hivyo.

Lori linalokata kushoto ndilo adui mkubwa wa baiskeli. Dereva aliye juu haoni kilicho ubavuni mwa kushoto, na gurudumu la nyuma la trela hupita ndani zaidi kuliko la mbele. Usijipange kamwe kati ya trela na ukingo kwenye makutano, hata kama limesimama, hata kama kuna nafasi. Kaa nyuma yake. Zamani ungeweza kuruka pembeni. Mguu unaopona hauruki.

Barabara ya Outer Ring ilipopanuliwa iliwekewa njia za watembea kwa miguu na baiskeli, na kwa anayetoka upande wa Donholm au Tassia ni heri kuifuata hata kama inarefusha safari. Ndani ya Industrial Area hali bado ni tofauti. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usio wa magari iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Anayepita Barabara ya Enterprise na kukuta lori limeegeshwa juu ya njia ya miguu anaona wazi kwamba ahadi hiyo haijafika mwisho. Mahali kama hapo, anayepona ateremke na kusukuma. Na ripoti kwa ofisi ya wadi ukitaja mahali hasa, karibu na lango gani.

Zamu zikiisha baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, giza tayari limeingia. Taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na fulana inayong'aa kama ile unayovaa kiwandani. Usiivulie langoni.

Mzigo uwe wa mwisho. Kuendesha ukiwa mtupu ni kazi moja. Kuendesha na gunia la kilo 50 kwenye keria ni nyingine kabisa, kwa sababu baiskeli ikiinama, mguu mmoja ndio unaobeba mwili, chuma na mzigo kwa pamoja. Endesha mtupu mwezi mzima bila uvimbe wala maumivu. Anza na mzigo wa kilo kumi, uliofungwa chini na kusawazishwa pande zote mbili. Abiria asipande mpaka daktari awe ameona picha ya mwisho na kukuandikia kwamba unaweza kurudi kwenye kazi yako ya kawaida. Barua hiyo pia umwonyeshe msimamizi wako, na kabla yake umwombe ile ya kazi nyepesi: kukaa kwenye mashine, kuhesabu bidhaa, kulinda lango. Wapo wanaokubali, ila hawawezi kukubali jambo ambalo hawajaombwa.